Ndege Hana Kisirani



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, Kiswahili kina neno moja lenye maana mbili ambazo wengi wetu hatuzikumbuki. Neno hilo ni ndege. Ndege ni kiumbe mwenye mbawa, hilo mtoto wa chekechea analijua. Lakini katika Kiswahili cha wazee wa pwani, ndege pia ni fali, ni ishara ya mambo yajayo. Mtu akiondoka nyumbani akajikwaa kizingitini, husema amepata ndege mbaya. Akikutana na jambo la kufurahisha njiani, husema ndege njema hiyo. Na Waarabu hivyo hivyo. Wao humwita ndege twayr, na katika neno hilo hilo wakapata tiyara, yaani kutazamia mkosi. Zama za Jahiliya mtu akitaka kusafiri alimkurupusha ndege aliyetua. Akiruka kuliani, safari inaendelea. Akiruka kushotoni, mtu na akili zake anafungua mizigo na kurudi ndani. Lugha mbili, bara mbili, na ugonjwa mmoja.

Nimeandika haya kwa sababu ya safari yetu ya Mabamba ya muhula uliopita. Waliokuwemo wanaijua, na wasiokuwemo wamesikia nusu yake, na nusu waliyoisikia ni ile ya vicheko. Nataka kuisimulia yote.

Mabamba ni kinamasi kilichoko ukingoni mwa Ziwa Victoria, wilaya ya Wakiso, upande wa magharibi ya Entebbe. Tangu mwaka 2006 kimo katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Ukisimama kwenye gati huoni ziwa. Unaona mafunjo marefu kuliko mtu, na katikati yake vichochoro vya maji meusi yaliyofunikwa na yungiyungi. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kutazama ndege mmoja tu hapo. Waganda humwita bulwe. Kiswahili cha vitabuni humwita korongo-nyangumi. Ndugu yetu mmoja kutoka Sudan, tulipomwonyesha picha, alicheka akasema kwao anaitwa Abu Markub, yaani baba kiatu, kwa kuwa mdomo wake ni kama kiatu kikubwa kilichobandikwa usoni. Nadhani Wasudani wametushinda hapo.

Ni ndege mkubwa, urefu wake unakaribia mita moja na nusu, rangi yake ya kijivu kama saruji, na macho yake yanakutazama kama msimamizi wa mtihani. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu, kuanzia vinamasi vya Sudan Kusini, kupita kwetu Uganda na magharibi ya Tanzania, mpaka Zambia. Idadi hiyo ni ndogo kuliko wanafunzi wa vyuo vingi tunavyovijua.

Wako waliouliza tangu mwanzo: kamati ya daawa ina shughuli gani na ndege? Kwa nini pesa isitumike kununua misahafu? Swali si baya. Jibu langu lilikuwa, na bado ni hili, kwamba Qur'ani yenyewe inatutuma nje. Katika Suratul Mulk Allah anauliza kama watu hawawatazami ndege juu yao, wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, na hakuna anayewashika angani ila Yeye. Katika Suratun Nur anatueleza kwamba ndege wenye mbawa zilizokunjuliwa wanamsabihi, na kila mmoja anaijua sala yake. Katika Suratul An'am anatuambia kwamba kila mnyama wa ardhini na kila ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ni umma mfano wetu sisi. Aya hizi tunazisoma Ramadhani kwa Ramadhani, kwa tajwidi nzuri, tukiwa tumezungukwa na kuta nne. Na wanachuoni wetu hawakuishia kuzisoma tu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama kabla vyuo vya Ulaya havijajengwa. Basi tukaenda.

Tuliondoka Kampala baada ya sala ya alfajiri, taksi mbili za watu kumi na wanne, kwa barabara ya Masaka. Saa tatu asubuhi tulikuwa majini. Mitumbwi minne, miwili ya dada zetu na miwili yetu. Penye maji mengi walitumia mashine, na tulipoingia ndani ya mafunjo waliizima wakapiga pondo polepole. Mzee aliyekuwa nahodha wa mtumbwi wetu alituonya mambo mawili: tusipaaze sauti, na tusichovye mikono majini kwa kuwa pana mmamba wengi. Ndugu yetu kutoka Tanga aliruka nusura atupindue. Kwa Kiswahili chake mamba ni mamba, mwenye meno na mkia. Tulimweleza kwamba mmamba kwa Kiganda ni samaki, yule kamongo, na kwamba nusu ya Waganda tuliokuwa nao mtumbwini ni wa ukoo wa Mmamba wala hawamli. Mzee alitabasamu akasema kamongo naye huuma.

Tulikaa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Tuliona korongo wa kawaida, tuliona wavuvi wa samaki wenye rangi kama vito, tuliona mnandi wakianika mbawa zao. Baba kiatu hatukumwona. Jua likapanda, maji ya kunywa yakapungua, na watu wakaanza kunong'ona. Ndipo ndugu mmoja, ambaye ni rafiki yangu na ni mtu wa msikitini, safu ya kwanza, akasema kwa sauti: "Tulijua tu. Tungemwacha fulani hosteli, saa hizi tungeshamwona ndege na kurudi." Akamtaja dada yetu kwa jina. Watu wakacheka. Majini sauti haina pa kujificha, na mtumbwi wake ulikuwa hatua kumi tu kutoka kwetu. Alivuta ushungi wake mbele kidogo, akatazama mafunjo.

Lazima nieleze kicheko kile kilitoka wapi. Nimemwomba dada huyo ruhusa, naye amekubali mradi nisimtaje. Mwaka wake wa kwanza alifiwa na baba. Muhula uliofuata mwenzake wa chumbani aliibiwa simu na kompyuta siku moja. Aliyekuja baada yake alikosa karo akarudi kijijini. Watatu akafeli masomo mawili ambayo hakuna aliyetarajia afeli. Hapo neno likaanza kuzunguka hosteli: yule ana kisirani. Kwanza likasemwa kama utani. Kisha mtu akaomba kuhamishwa chumba. Kisha kikundi cha kujisomea kikamwambia kimejaa, na kesho yake kikampokea mtu mwingine. Dada huyu aliniambia jambo ambalo sijalisahau: alianza kuamka kabla ya wenzake siku za mtihani, ili wasikutane naye mlangoni.

Ndugu zangu, hawa waliofanya hivi si wapiga ramli. Ni watu wanaosoma uhandisi, sheria, udaktari. Ni watu wanaofunga Jumatatu na Alhamisi.

Nilimwambia yule ndugu palepale kwamba neno hilo ni zito kuliko mtumbwi wetu, na kwamba tutalizungumza tukifika nchi kavu. Lakini mzee wa pondo alitutangulia. Neno kisirani analijua. Alisema, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiganda, kwamba zamani babu zake wakiingia majini asubuhi wakamwona bulwe, siku hiyo waliihesabu imekufa. Hakuna samaki. Wengine waligeuza mtumbwi nyumbani. Wengine walimuua ndege ili mkosi ufe pamoja naye. Wakaua, wakaua. Kisha akanyamaza, akapiga pondo mara mbili, akasema: sasa mimi namlisha mjukuu wangu kwa bulwe, na karo ya shule analipa bulwe.

Tuangalie hapo kwa makini. Ndege ni yule yule. Mdomo ni ule ule. Kinamasi ni kile kile. Babu alimwona akasema njaa, mjukuu anamwona anasema riziki. Kama mkosi ungekuwa ndani ya ndege, ungeenda wapi? Mkosi ulikuwa kichwani mwa babu. Na ukiniuliza kwa nini babu alirudi bila samaki siku aliyomwona bulwe, nitakujibu: aligeuza mtumbwi! Aliyegeuza mtumbwi atapata wapi samaki? Na ambaye hakugeuza aliyaona mambo mawili yakifuatana kwa kuwa ndege na mvuvi wanamtafuta samaki mmoja mahali pamoja. Siku nyingine alimwona ndege na nyavu zikajaa, lakini siku hizo hakuzihesabu. Moyo ukishaamini mkosi huhesabu upande mmoja tu. Hivyo ndivyo hosteli yetu ilivyohesabu simu, karo na masomo mawili, wala haikuhesabu wasichana wote walioibiwa, waliokosa karo na waliofeli katika vyumba ambavyo dada huyo hajawahi kuingia.

Sasa tusikilize dini inasemaje. Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikanusha tiyara waziwazi. Pamoja nayo alikanusha hama, na hama ni ndege pia. Waarabu walidai roho ya mtu aliyeuawa hugeuka bundi anayelia mpaka alipiziwe kisasi. Leo bundi akilia juu ya paa, hapa Kampala, Mombasa, Bujumbura, kuna Waislamu watakaomfukuza kwa mawe na kusubiri habari za msiba. Miaka elfu moja na mia nne tangu tuambiwe, na bado tunasubiri habari kwa bundi.

Katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) aliyoipokea Abu Dawud, Mtume aliita tiyara kuwa ni shirki, akarudia mara tatu. Shirki! Neno hili tunalitumia upesi kwa mwenye hirizi na anayekwenda kwa mganga. Lakini anayehama chumba kwa kumhofia mwenzake ameamini kwamba kuna kiumbe, asiyekuwa Allah, anayesukuma madhara kwake kwa kuwepo kwake tu. Tofauti yake na mwenye hirizi ni ndogo. Mwenye hirizi ameogopa akavaa kitu, huyu ameogopa akamvua mtu heshima yake.

Hadithi hiyo hiyo ina huruma ndani yake, na walimu wachache huifikisha. Inakiri kwamba hakuna miongoni mwetu ambaye wazo hilo halimpitii, ila Allah huliondoa kwa tawakkul. Kwa hiyo wazo likikupitia asubuhi ya mtihani, kwamba umekutana na fulani na leo mambo yataharibika, hujawa mshirikina kwa wazo hilo. Linalotakiwa ni usilifuate. Mpe salamu, mtakie kheri, ingia mtihani. Wanachuoni wametuwekea alama nyepesi ya kujipima: je, limekufanya uendelee au limekurudisha? Likikurudisha nyuma, hapo limeshakutawala.

Na nani katika historia waliitwa visirani? Fungueni misahafu. Suratul A'raf, aya ya 131: watu wa Firauni wakipata neema husema ni haki yetu, wakipata shida husema ni mkosi wa Musa na walio pamoja naye. Suratun Naml, aya ya 47: Thamudi walimwambia Nabii Swaleh kwamba wamepata mkosi kwa sababu yake na wenzake. Surat Yasin, ambayo wengi wetu tumeihifadhi kwa moyo, aya ya 18 na ya 19: watu wa mji wanawaambia wajumbe kwamba wamewaletea mkosi, na wanatishia kuwapiga mawe, na wajumbe wanawajibu kwamba mkosi wenu mnao wenyewe. Musa. Swaleh. Wajumbe wa Yasin. Kila mara Qur'ani inapolileta neno hili kwa maana ya mkosi, limo kinywani mwa makafiri, na anayeitwa kisirani ni mtu wa Allah. Sijui mtu anaisomaje Yasin usiku wa Ijumaa halafu Jumamosi analitumia neno la watu wa ule mji kwa dada yake Mwislamu.

Hata kuoa walikuwa na mikosi yao. Waarabu waliogopa kufunga ndoa mwezi wa Shawwal. Bibi Aisha (R.A.), kama alivyopokea Muslim, alikuwa akisema kwamba Mtume alimuoa Shawwal, na nyumbani akaingia Shawwal, na ni yupi katika wake zake aliyekuwa na nafasi kubwa kwake kuliko yeye? Nalipenda jibu hili kwa sababu halina hasira. Ni mwanamke anayeinua maisha yake mwenyewe na kuwauliza watu: mkosi wenu uko wapi?

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Ibrahim, mtoto wa Mtume. Alifariki mwaka wa 10 wa Hijra, mtoto mchanga ambaye hakumaliza hata miaka miwili. Siku hiyo jua likapatwa.  Watu wakasema kwamba jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Hebu fikiri. Hapa si mkosi tena, hapa ni sifa. Mbingu zinamlilia mtoto wa Mtume! Mtu mwingine yeyote, mfalme yeyote, angeliacha neno hilo lienee. Angelilipa washairi walitunge. Na yeye ni baba aliyetoka kuzika, machozi hayajakauka. Akasimama akawaambia watu kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Allah, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, na kwamba wakiona hivyo wasali. Hakukubali kuunganisha tukio la mbinguni na mtu, hata mtu huyo akiwa mwanawe, hata muunganisho huo ukiwa wa heshima.

Shikeni hilo, maana sasa narudi mtumbwini. Kama dakika kumi na tano kabla ya saa sita, mzee alinyoosha pondo bila kusema. Nyuma ya mafunjo yaliyolala palikuwa na kitu nilichodhani ni kisiki. Kisiki kikawa na jicho. Alikuwa amesimama pale, na kwa jinsi mzee alivyosema, alikuwa pale muda mrefu. Sisi ndio hatukuwa tumemwona. Hakutikisika. Dakika ishirini, ndugu zangu, bila kuhamisha mguu. Hakuna aliyepiga kelele. Hata simu, wengi walipiga picha mbili tatu kisha wakaziweka chini.

Mzee akatunong'oneza siri yake. Maji yale meusi yana hewa kidogo. Samaki wengine hawayawezi. Kamongo anayaweza kwa kuwa Allah amempa kitu kama mapafu, lakini lazima apande juu kupumua. Ndege analijua hilo. Hamfukuzi samaki. Anachagua mahali, anasimama, anasubiri pumzi. Na pumzi ikaja. Maji yalitikisika kidogo, na yule aliyekuwa kisiki akajitupa mzima mzima, kichwa, kifua na mbawa, akazama katika mafunjo. Aliinuka na mdomo umejaa majani na matope, akatikisa majani yakaanguka, na ndani yake palikuwa na kamongo anayejipinda.

Mnaijua hadithi ya Umar (R.A.) aliyoipokea Tirmidhi, kwamba lau tungemtegemea Allah ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanatoka asubuhi na njaa na kurejea jioni wameshiba. Watu huitumia hadithi hii kulala. Mimi pale nilimwona ndege aliyetoka. Amechagua maji. Amesimama juani kutwa. Amekosa mara ngapi sijui. Na alipojitupa hakubakisha kitu. Tawakkul ya ndege ina jasho, kama ndege angekuwa na jasho.

Turudi kwenye la msingi. Mara tu mtumbwi ulipogeuka, yule ndugu yetu, na nia yake safari hii ilikuwa njema, akapaza sauti: "Kumbe fulani ana bahati! Safari ijayo lazima aje!" Watu wakashangilia, dada naye akatabasamu, na wengi wakaona mambo yamekwisha vizuri. Hiyo ndiyo nusu iliyofika chuoni. Na mimi nasema kwamba hayakwisha. Neno la pili ni neno la kwanza lililogeuzwa nje ndani. Kama ndege ametokea kwa ajili yake, basi kesho asipotokea itakuwa kwa ajili yake pia. Tumemwondoa kwenye gereza moja tukamweka kwenye jingine lenye mapambo. Ndege alitokea kwa sababu pale pana kamongo, na kamongo alipanda kwa sababu maji yana hewa kidogo, na hayo yote yamepangwa na Aliyeviumba. Mtume hakukubali jua liwe la Ibrahim. Na sisi tusikubali bulwe awe wa fulani, si kwa kheri wala kwa shari.

Najua atatokea mtu aniulize: lakini Mtume alipenda fali njema? Ndiyo, Bukhari na Muslim wameipokea, na alipoulizwa fali ni nini alisema ni neno jema analolisikia mtu. Siku ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, Makuraishi walipomtuma Suhail, Mtume alisema jambo limekuwa sahali, kwa kuwa jina la Suhail limetokana na wepesi. Hapo pana tofauti, nayo si ndogo. Neno jema linakupa dhana njema kwa Mola wako, unasonga mbele ukiwa na matumaini. Halimgeuzi Suhail kuwa chanzo cha wepesi, na asingekuwa na lawama mazungumzo yangevunjika. Kwa hiyo mwambieni mwenzenu asubuhi ya mtihani: insha Allah utafaulu. Hiyo ni fali. Lakini kumshika bega eti akuambukize bahati, hiyo siyo.

Kabla sijaondoka Mabamba, niseme jambo moja la kinamasi chenyewe. Tulipokuwa tunarudi tuliona njiani malori yanamwaga kifusi katika bonde la mafunjo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema serikali inazishikilia ardhi oevu kwa amana kwa ajili ya wananchi. Wanasheria wetu wanalijua hilo. Neno amana tunalijua sote, na tunajua tutaulizwa juu yake. Miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wamo watakaotia saini vibali vya ujenzi miaka kumi ijayo. Wako tayari kukataa? Maji machafu ya Kampala yanapita kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia katika ghuba ile ile ambayo mitambo ya Ggaba inavuta maji ya kunywa. Ukiua mafunjo, umejinywesha mwenyewe. Babu waliomuua bulwe kwa kuamini mkosi walifanya ujinga, lakini waliua mmoja mmoja. Kifusi hakibagui.

Nirejee hosteli. Neno kisirani, nuksi, mguu mbaya, "bad luck" ya utani, tuliondoe katika ndimi zetu, na anayelisikia asicheke. Kicheko cha watu ishirini ndicho kilichoumiza siku ile kuliko neno la mmoja. Waliomhama mwenzao chumba wanajijua, na mlango wake wanaujua. Kikundi cha kujisomea kilichojaa kitafute kiti. Na wewe unayeitwa hivyo, dada au kaka, hapa au chuo kingine, usiamke alfajiri kuwakimbia watu. Amka alfajiri kwa ajili ya sala, kisha toka kupitia mlango wa mbele, salimia unayekutana naye, na asiyeitikia dhambi ni yake. Imepokewa na Imam Ahmad dua ya mwenye kupitiwa na wazo la mkosi, na maana yake ni kwamba hakuna kheri ila kheri ya Allah, wala hakuna ndege ila ndege wake, wala hakuna mola ghairi yake. Ndege amo hata ndani ya dua. Nimeibandika kwa Kiarabu na tafsiri yake kwenye ubao wa msikiti, upande wa dada na upande wa kaka.

Yule ndugu yangu wa safu ya kwanza amesoma makala hii kabla ya kuchapishwa na ameridhia itoke. Alikwenda mwenyewe kuomba msamaha, mbele ya watu waliocheka, si pembeni.

Anayetaka kuzisoma hadithi nilizozitaja kwa lafudhi zake za Kiarabu, au mwenye kupinga hoja yangu juu ya fali, tuonane baada ya darsa ya Jumatano usiku.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.